Viberiti vya Maharage Mezani: Mwendo wa Aljebra kwa Watoto wa Rika Tofauti

Kabla hujafungua somo la kwanza la aljebra, mwandikie mtoto hivi kwenye karatasi: 8 + 4 = ___ + 5. Usimweleze lolote. Mpe kalamu, nenda jikoni ukatazame chungu, kisha urudi uone alichoweka kwenye nafasi. Wengi huandika 12. Wengine hujumlisha kila kitu wakaandika 17. Hawajashindwa kujumlisha. Wameisoma alama ya sawasawa kama amri ya kutoa jibu, maana ndivyo walivyoizoea tangu darasa la kwanza: hesabu kushoto, jibu kulia. Mtoto wa namna hiyo ukimpa 2x + 3 = x + 8 unamchosha bure. Haoni pande mbili, anaona hesabu iliyopotelewa na jibu.

Nyumbani kwetu Gisenyi, Rwanda, karibu na Grande Barrière, kituo cha mpaka wa kwenda Goma, Kongo, niliwapa watoto watatu karatasi hiyo jioni moja. Mtoto wa dada yangu, wa miaka 13, aliyekwisha kufundishwa aljebra Goma kwa Kifaransa, aliandika 12. Mwanangu wa miaka 11, anayesoma upande wa huku kwa Kiingereza, aliandika 17. Binti yangu wa miaka 8 alihesabu vidole mara mbili, akafuta, akaandika 7. Nilikuwa nimeshapanga ratiba nzuri ya kuwaanzisha wote siku moja na kuwamalizia wote siku moja. Niliikunja ratiba ile usiku uleule.

Siku hizi mzazi mwenzangu akiniuliza aende mwendo gani, namwambia aangalie mikono ya mtoto. Umri hausemi, darasa halisemi, namba ya ukurasa haisemi. Mkono unaosita juu ya meza unasema kila kitu.

Sisi wa mpakani tumefundisha nyumbani mara nyingi kuliko tulivyotarajia. Machi 2020 Rwanda ilifunga shule kwa sababu ya korona, zikaanza kufunguliwa Novemba. Jioni ya 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, watu wa Goma wakavuka kwa maelfu kuja huku, na matetemeko yaliyofuata yakapasua kuta pande zote mbili. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na nyumba za Gisenyi zikajaa tena watoto wa ndugu. Mtoto anakuja na begi moja la shule, na ndani ya begi hilo kuna mtaala mwingine, lugha nyingine ya hesabu, na usingizi mbaya. Ndiyo maana ninaposema watoto wa rika tofauti simaanishi ngazi nzuri ya kaka na dada waliofuatana darasani. Namaanisha watoto waliokutana mezani kwa sababu kuna mahali pamefungwa.

Kwa watoto wa namna hiyo aljebra ya vitu vya kushika ina faida ambayo kitabu hakina. Mmoja angesema jina la x kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiingereza, na mdogo hajui jina lolote. Mezani kwetu tunasema kiberiti, na wote watatu wanaelewana.

Vifaa vyenyewe ni hivi. Boksi kumi na mbili za kiberiti, tupu. Maharage kikombe kimoja. Vizibo vya soda kama thelathini. Hanga ya nguo ya mbao na makopo mawili ya nyanya yaliyotobolewa na kufungwa kamba, yakawa mizani. (Mifuko ya plastiki ingekuwa rahisi zaidi, lakini Rwanda imeipiga marufuku tangu 2008, na makopo hata hivyo yanakaa vizuri zaidi.) Karatasi kubwa iliyochorwa mstari katikati. Kama una ubao wa igisoro, bao la Kinyarwanda, nyumbani, chukua kete zake. Ni 64, zinatosha watoto watatu, na zimeshazoea kuhesabiwa.

Ipo seti ya kununua iitwayo Hands-On Equations, aliyoibuni Mmarekani Henry Borenson. Ina kete za buluu kwa ajili ya x, nyeupe kwa kinyume chake, na dadu za namba. Masomo yake ni 26: 7 ya ngazi ya kwanza yasiyo na namba hasi kabisa, 9 ya ngazi ya pili, 10 ya tatu. Mwenye nayo aitumie kwa furaha. Mimi nimeazima mpangilio wake tu, kwa sababu naona umepangwa kwa busara: mtoto anakaa muda mrefu sana kwenye milinganyo salama kabla ya kukutana na hasi. Wazazi wengi, mimi mmojawapo, tunataka kuuruka muda huo.

Wiki ya kwanza, kila mtoto, hata yule mkubwa, aanzie kwenye hanga. Weka maharage 7 kopo moja na 7 jingine. Ongeza 2 upande mmoja, mwache aone mizani inavyolala, kisha muulize afanye nini ili isimame bila kuyagusa yale uliyoongeza. Hilo ni somo la nusu saa, na mkubwa atanung'unika kwamba ni la kitoto. Mwache anung'unike, mikono yake iendelee kufanya kazi. Siku ya tatu mrudishie ile karatasi ya 8 + 4. Ikitoka 7, na akaweza kukueleza kwa nini 12 haiwezi kukaa pale, ameingia. Ikitoka 12, rudi kwenye hanga, hata kama itachukua wiki nyingine.

Kisha viberiti. Weka idadi moja ya maharage katika kila kiberiti bila watoto kuona, uvifunge. Upande wa kushoto wa mstari weka viberiti viwili na maharage 3 wazi. Kulia, kiberiti kimoja na maharage 8. Waambie: pande zote ziko sawa, na kila kiberiti kimebeba idadi ileile. Kiberiti kimebeba mangapi?

Binti yangu alichukua kiberiti akakitikisa sikioni. Siku iliyofuata nilijaza pamba kidogo kila kimoja, kikanyamaza. Basi akalazimika kutazama meza. Alitazama kwa muda mrefu, akaweka kiganja juu ya kiberiti cha kushoto, kiganja kingine juu ya cha kulia, akaviondoa vyote viwili kwa pamoja. Kimebaki kiberiti kimoja na 3 huku, 8 kule. Akaondoa matatu matatu. "Mama, yako matano!" Akafungua. Alikuwa na haki ya kufungua, na usimnyime mtoto haki hiyo wiki za mwanzo: kiberiti kinachofunguka ndicho kinachomfundisha kwamba jibu halitoki kwa mama wala kwa kitabu. Limo humo ndani tangu mwanzo.

Hatua ile ya kuondoa sawa kwa sawa ina jina la kale ambalo Mswahili analo mdomoni bila kujua. Karibu mwaka 820, huko Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr na al-muqabala, bila herufi x hata moja, kwa maneno matupu, kwa ajili ya mirathi, biashara na kupima ardhi. Al-muqabala ni kuziweka pande mbili uso kwa uso na kupunguza kinacholingana. Sisi tunasema mkabala. Viganja viwili vya mtoto wa miaka 8 vilikuwa vinafanya hivyo hasa.

Sasa mwendo. Dhana mpya isizidi moja kwa wiki kwa kila mtoto, na muda mezani usizidi dakika 25, siku nne kwa wiki. Siku ya kwanza ni ya jambo jipya. Ya pili na ya tatu ni mazoezi matano tu kila siku, lakini kila jibu likaguliwe kwa kuipanga meza upya kama ilivyokuwa mwanzo na kuhesabu pande zote mbili. Katika mfano wetu, 13 kushoto na 13 kulia. Mtoto atataka kuruka ukaguzi huo kwa sababu jibu ameshalijua. Usikubali, maana atakapofika kwenye namba hasi, ukaguzi ndio utakaomwokoa. Siku ya nne mtoto mwenyewe ndiye anayefunga viberiti na kukutungia wewe swali. Nimejifunza mengi kutokana na siku ya nne kuliko siku nyingine zote. Mtoto asiyeelewa hutunga maswali yasiyosimama, pande zake hazilingani, naye mwenyewe hushangaa.

Ukiwa na watoto watatu, usianzishe jambo jipya kwa wawili siku moja. Mkubwa alipata lake Jumatatu, wa kati Jumanne, mdogo Jumatano. Kila siku nilikuwa na mwanafunzi mmoja tu wa kufundishwa kweli, wengine wawili wakifanya mazoezi ya jambo wanalolijua, meza ileile, dakika zilezile. Kabla ya hapo nilikuwa napiga mbio kutoka kiti hadi kiti, natoa maelezo matatu nusunusu, na saa ikiisha nimechoka kuliko wao.

Kuvuka kwenda somo jingine niliweka masharti matatu: maswali manne kati ya matano bila msaada, aeleze kwa mdomo kwa nini kila alichoondoa kilikuwa halali kuondolewa, na swali lake la siku ya nne lisimame. Akikosa moja, anabaki. Kubaki si adhabu, na ili kusionekane adhabu nilibandika karatasi juu ya namba za masomo. Mkubwa hakujua yuko somo la ngapi, wala hakujua kwamba dada yake mdogo amemzidi masomo mawili. Alimzidi kweli. Jambo hili linatokea mara nyingi, kwa sababu mdogo hana kanuni za kusahau. Usilitangaze mezani, na usimsifie mdogo kwa kumlinganisha na kaka yake. Mtoto wa miaka 13 aliyeacha nyumba yao na rafiki zake wote ng'ambo hahitaji kushindwa na wa miaka 8 mbele ya watu.

Tatizo la mkubwa lilikuwa mahususi, na hapa mpakani nalikuta kwa watoto wengi. Alikuja na kanuni: namba ikivuka alama ya sawasawa, inabadilisha ishara. Kanuni hiyo inaingia akilini upesi kwa mtoto wa barrière. Kila siku anaona watu wakivuka, na wakishavuka ni faranga nyingine, sare nyingine, muhuri mwingine. Anakubali bila swali kwamba kitu kikivuka hugeuka. Lakini nilipomuuliza kwa nini 3 igeuke, alisema ndivyo ilivyo. Kisha kwenye 3x = 12 akaivusha 3 nayo ikawa −3, akapata 9. Kanuni ilimdanganya, na hakuwa na meza akilini ya kumwonya.

Sikumkataza kanuni yake. Nilimwomba aiweke kando wiki tatu, na kila hatua aifanye kwa vitu. Viberiti vitatu upande huu, maharage 12 upande ule: gawanya maharage katika mafungu matatu, kila kiberiti fungu lake. Manne. Hakuna kilichovuka popote. Kwenye 2x + 3 = x + 8 pia hakuna kilichovuka; 3 zimeondoka kushoto na 3 zimeondoka kulia, zote zimerudi kwenye kikombe. Wiki ya pili alisema mwenyewe, "Mama mdogo, kumbe haivuki. Inatolewa huku na huku." Kuanzia hapo alikwenda kasi sana, masomo matatu kwa wiki moja, nami sikumzuia. Mwendo wa polepole ni wa kungojea jambo lieleweke. Likishaeleweka, mwache mtoto akimbie.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwa wa kati. Ni mtoto wa haraka, anapenda kumaliza, nami katika majuma yale ya wasiwasi nilifurahi kuona kitu kinamalizika. Nilimpitisha masomo saba katika siku nane. Tulipofika kwenye mabano, 2(x + 3) = x + 10, aliweka viberiti viwili na maharage matatu tu. Nilimrekebisha, akarudia. Nilimrekebisha tena. Mikono yake ilikuwa inasogeza vitu kwa kuniangalia usoni. Ilibidi turudi hadi somo la tatu, na safari hii nikamwomba ajenge fungu moja kamili, kiberiti kimoja na maharage matatu, alipe jina, kisha alete fungu jingine kama hilo. Akaliita sahani. Sahani mbili, basi: viberiti viwili na maharage sita. Upande wa pili kiberiti kimoja na kumi. Kiberiti kina 4, pande zote 14. Wiki mbili tulizozirudia hazikunilipia hata nusu ya haraka ile, kwa sababu alikuwa ameshaanza kujiona mjinga wa hesabu, na jambo hilo lilichukua mwezi kuondoka.

Watoto watasaidiana, na ni vizuri wasaidiane, lakini mkubwa asigeuzwe mwalimu wa kila siku. Atatoa majibu ili aende kucheza. Kwetu sheria ni moja: anayesaidia anaweka mikono nyuma na anaruhusiwa kuuliza tu. "Upande upi mzito?" "Ukiondoa hicho, kule itakuwaje?" Mikono nyuma ni muhimu kuliko maswali yenyewe.

Namba hasi zisubiri mpaka mtoto aweze kuchora meza kwenye karatasi na kutatua kwa mchoro, vifaa vikiwa kwenye kikombe. Hapo viberiti vinapumzika, vinaingia vizibo vya soda. Kizibo kilichotazama juu ni x. Kilichopinduliwa ni kinyume cha x. Kimoja na kingine vikikutana upande uleule vinafutana, vinatoka mezani pamoja. Mtoto wa sokoni anaelewa mara moja ukimwambia ni deni: mwenye faranga 500 na deni la 500 hana kitu.

Mpangie hivi: kushoto vizibo viwili vya kawaida, kulia maharage 9 na kizibo kimoja kilichopinduliwa. Yaani 2x = 9 − x. Hakuna cha kuondoa kinacholingana, na mtoto atakwama. Mwache akwame dakika nzima, hata mbili. Kinachotakiwa ni kuongeza: kizibo kimoja cha kawaida kila upande. Kulia kinafutana na kile kilichopinduliwa, zinabaki 9. Kushoto vimekuwa vitatu. Kizibo ni 3. Kagua meza ya mwanzo: kushoto 6, kulia 9 toa 3, ni 6. Kurudishia kilichopunguzwa namna hiyo ndiko al-Khwarizmi alikokuita al-jabr, na ni neno hilohilo Waarabu walilolitumia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Hapa panahitaji wiki tatu kwa mtoto wa kawaida. Binti yangu nilimsimamisha kabisa kabla ya hapa, akatunga maswali ya viberiti miezi miwili zaidi, na hakupoteza chochote.

Kuhusu kukatizwa: usiandike tarehe kwenye mpango wako. Andika namba za masomo na jina la mtoto, basi. Tarehe zitakatizwa na mpaka, na ugonjwa, na msiba, na kila tarehe iliyopita itakusukuma ukimbie. Mkiacha wiki moja, anzeni na siku moja ya marudio. Mkiacha wiki mbili au zaidi, rudini masomo mawili nyuma bila mjadala. Na kama mtoto amefika usiku na hajui wazazi wake wako wapi, usifungue aljebra wiki hiyo. Mpe maharage achague mabovu. Akianza mwenyewe kuyapanga mawili mawili, utajua muda umefika.

Vifaa viondoke lini? Usiviondoe wewe. Viweke mezani kila siku, na siku moja utaona kikombe hakijaguswa. Kwa mkubwa siku hiyo ilikuja na swali la wabadilisha fedha, ambao yeye huwapita kila akienda barrière. Nilimpa namba za somo tu, si za siku ile: mmoja anatoa faranga 1,400 kwa dola bila makato, mwingine anatoa 1,410 lakini anakata 500 kila anapobadilisha. Mama anayetaka kubadilisha aende kwa nani?

Hakugusa vizibo. Aliandika 1,400x = 1,410x − 500, akakaa, akaandika 500 = 10x, kisha 50. Akakagua bila kuambiwa: 70,000 na 70,000. Chini ya dola 50 aende kwa wa kwanza, akasema, zaidi ya hapo kwa wa pili. Dada yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, akinyoosha mkono kwenye kikombe.

"Hivyo vizibo kama huvitumii," alimwambia, "nipe mimi."

Akamsogezea kikombe bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi.